Kasha la Fahari na Ubeti Uliokatwa

Mpwa wangu afanyaye kazi Ujerumani alikuja likizo mwezi wa Rajabu uliopita, na katika mizigo yake mlikuwa na bahasha pana ya kadibodi aliyoishika mkononi tangu uwanja wa ndege hadi Mji wa Kale, akihofia isije ikakunjika. Alipoifungua pale barazani tukaona santuri mbili kubwa katika jalada la kukunjuka, karatasi nzito, picha ya bandari ya zamani iliyotiwa rangi upya, na kijitabu kizuri cha kurasa 16.

"Hii nimekuletea wewe, mjomba," akasema. "Ni nyimbo za huku kwetu, zimetolewa upya. Nimeinunua Yuro 38."

Wazee wawili waliokuwa pale wakataka kujua ni shilingi ngapi hizo, na walipoambiwa wakanyamaza. Kisha mmoja akasema kwamba kwa pesa hizo, enzi za ujana wake, angalinunua santuri za mwaka mzima na gramafoni ya kuzipigia, na chenji ikabaki ya haluwa.

Tukaanza kusoma orodha. Santuri ya pili, upande wa pili, wimbo wa tatu, nikaliona jina nikasita. Wimbo ule naujua tangu utotoni. Maneno yake ni ya ami yangu, ndugu wa baba, Mola amrehemu. Nikakifungua kijitabu. Jina la muimbaji limeandikwa, sawa. Mpiga udi ameandikwa, mpiga fidla ameandikwa, mwaka 1972 umeandikwa. Mahali pa mtunzi yameandikwa maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba wimbo huu ni wa jadi, yaani hauna mwenyewe.

Sikulala vizuri usiku ule. Lakini kabla sijaendelea na habari ya ami, niwie radhi msomaji nikupitishe kwanza ng'ambo, kwani yaliyomfika yeye ni tawi moja tu la mti mkubwa.

GOLOLI NA VIBWENGO

Huko Ulaya na Marekani imeshika kasi, tangu CD zilipoenea, desturi ya kuichukua santuri iliyopendwa zamani, kuisafisha sauti, kuiongezea vipande vilivyoachwa nje siku zile, na kuiuza tena katika sanduku la thamani. Mimi naliita toleo la fahari. Wanunuzi wake aghalabu ni watu wa makamo ambao santuri yenyewe wanayo nyumbani, pengine mara mbili au tatu. Ugomvi wao na makampuni hauishi, nao ni juu ya mambo matatu: bei, kasha, na kilichomo ndani.

Chukua santuri ya Pink Floyd ya mwaka 1973, The Dark Side of the Moon, ambayo ni miongoni mwa zilizonunuliwa mno duniani. Mwaka 2011 ilitolewa katika sanduku lenye diski sita. Pamoja na diski hizo mnunuzi alikuta shali ya shingoni, vikalio vya kuwekea bilauri, na gololi. Naam, gololi, zile zile tulizochezea uani tukachapwa kwa kuchelewa chuoni. Watu wazima wenye wake na watoto waliketi wakajadiliana kwa hamaki gololi zile zina maana gani, na kama zisingalikuwamo, bei ingalipungua kiasi gani.

Hilo si kubwa. Mwaka 2021 santuri ya George Harrison, aliyekuwa mmoja wa Beatles, ile ya mwaka 1970 iitwayo All Things Must Pass, ilitolewa upya kwa bei za namna namna, na toleo kuu kabisa likatiwa katika kasha la mbao. Humo mlikuwa na santuri 8, CD 5, Blu-ray moja, shanga za kokwa za Kihindi mithili ya tasbihi, alama ya kitabu iliyochongwa kwa mti wa bustani yake, na vijisanamu vya marehemu mwenyewe pamoja na vibwengo wa bustanini wanaoonekana kwenye jalada la asili. Bei: dola 1,000 kasoro senti mbili. Ya vijisanamu nawaachia wenyewe.

Sisi watu wa pwani hatuwezi kumsuta mtu kwa kupenda kasha. Nyumba gani ya kale ya Lamu au ya Mvita haikuwa na kasha la misumari ya shaba, bibi arusi amekuja nalo? Lakini kasha lile liliheshimiwa kwa vilivyomo: leso, dhahabu, hati ya nyumba, msahafu. Hapakuwa na mtu aliyetiliwa gololi.

Wanaotetea bei hizi wana hoja, na haki ni kuzisema. Kitabu cha picha chenye kurasa mia, kikichapwa kwa nakala chache, ni ghali. Fundi wa kusafisha sauti hulipwa. Mitambo ya kupiga santuri ilibaki michache, na foleni zikawa ndefu. Fauka ya hayo, nyimbo zenyewe mtu huzipata katika simu yake kwa pesa kidogo za kila mwezi, au bure akivumilia matangazo. Kwa hiyo kampuni haiuzi tena sauti, kwa kuwa sauti imekuwa kama maji ya mfereji. Inauza karatasi, mbao na raha ya kumiliki. Mradi huo hauhitaji watu wengi. Huhitaji wachache wenye mapenzi makubwa.

Bob Dylan ni mfano. Yeye alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2016, kwa hiyo hata sisi wa kalamu anatuhusu. Mwaka 2015 ilitolewa hazina ya majaribio yake ya studio ya mwaka 1965 na 1966, kwa ngazi tatu: CD 2 kwa mtu wa kawaida, CD 6 kwa mpenzi, na CD 18 kwa aliyepagawa. Ngazi hii ya juu ilifungwa kwa nakala 5,000, kila moja kama dola 600. Piga hesabu mwenyewe: ni dola milioni tatu, kutokana na kanda zilizokuwa zimekaa ghalani nusu karne. Katika ile ya CD 6, diski moja nzima ni majaribio ya wimbo mmoja tu, Like a Rolling Stone.

Wako waliosema huu ni upuuzi, nani akae saa nzima akimsikiliza mtu akikosea? Mimi ni mtunzi, na sikufichi: hilo moja lingenitoa pesa mfukoni. Kumwona malenga akifuta mshororo, akibadili neno, akilirudia lile la kwanza, hiyo ni darasa. Lau kungalikuwa na daftari la Muyaka bin Haji lenye mikwaruzo yake, ningaliuza ng'ombe nisiye naye. Ninaloliona ovu ni ile tabia ya kukiweka kipande kimoja kipya katika kasha la bei ya juu pekee, ili mwenye vingine vyote alazimike kununua tena vyote. Huyo hauziwi wimbo bali anatozwa kodi ya mapenzi yake.

Kisha kuna matoleo ambayo hayakukusudiwa msikilizaji kabisa. Mwaka 2011 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikubaliana kurefusha ulinzi wa rikodi kutoka miaka 50 hadi 70, lakini rikodi isiyotolewa sokoni kabla ya miaka 50 kwisha hupoteza ulinzi wake. Basi mwisho wa mwaka 2012 zikatolewa nakala kama 100 hivi za rikodi za Dylan za mwaka 1962 ambazo hazikuwa zimewahi kuuzwa, katika jalada hafifu lisilo hata picha ya maana. Wala hawakuona haya, kwani jina lenyewe la toleo lilitaja kurefusha hakimiliki. Nyimbo zilitolewa nje dakika moja, zikaonyeshwa hakimu, zikarudishwa ndani.

MWANA WA UNGUJA

Wa tatu anatuhusu kwa udongo. Freddie Mercury wa bendi ya Queen alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, na jamaa zake walihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Santuri ya kwanza ya bendi yake ilitoka mwaka 1973, na wenziwe Brian May na Roger Taylor walilalamika miaka yote kwamba sauti yake, hasa ya ngoma, haikuwa waliyoitaka. Mwaka 2024 wakaitoa upya, CD 6 na santuri moja na kitabu cha kurasa 108. Wimbo mmoja ulioachwa nje mwaka 1973 ukarudishwa mahali pake. Lakini hawakutosheka na kuisafisha. Waliichanganya upya sauti yote, ngoma zikalia kama walivyotaka wao siku zile wakiwa vijana wasio na usemi studioni.

Je, hiyo ni santuri ile ile? Mercury alifariki mwaka 1991, hakuulizwa. Wanaoikubali husema bendi imepata haki yake baada ya miaka 50. Wanaoipinga husema santuri yenye kasoro ndiyo iliyoingia nyoyoni mwa watu, na mwenye kuitengeneza sasa anatengeneza kumbukumbu za wengine. Mimi niko nusu kwa nusu. Mtunzi aliye hai ana haki ya kusahihisha beti zake. Lakini ile ya zamani isifichwe, iuzwe pamoja na mpya, na msikilizaji aamue mwenyewe.

La ukweli wa maandishi ya jaladani halina nusu kwa nusu. Mwaka 2022 kampuni ya Marekani iitwayo Mobile Fidelity, ambayo wanunuzi waliamini kwamba santuri zake za bei kubwa zatoka kwenye kanda za asili bila kupita katika dijitali, ilikiri kwamba kwa miaka kadhaa dijitali ilikuwamo. Kilichochekesha ni kwamba mabingwa wa masikio, wale wanaodai kusikia vumbi likitua juu ya santuri, hawakuwa wamegundua. Walikuja kujua kwa kuambiwa.

Na kanda za asili zenyewe hazina amana. Juni 2008 moto uliteketeza ghala la kampuni ya Universal huko Hollywood, na ukubwa wa hasara ya kanda haukujulikana kwa umma hadi mwaka 2019, gazeti la New York Times lilipoifichua.

DAKIKA TATU NA NUSU

Kwetu pwani hapakuhitajika moto. Unyevu, mchwa, na tabia ya kurikodi kitu kipya juu ya cha zamani vilitosha. Mpwa wangu alinisomea kijitabuni kwamba wimbo wa ami ulinakiliwa kutoka santuri yenyewe, kwa sababu kanda haikupatikana. Ukiusikiliza vizuri, mahali pawili sindano yaruka kidogo, na fundi ameficha kwa ustadi.

Nisiwe mchoyo wa shukrani. Sauti za pwani zimerikodiwa kwa karibu miaka mia. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 akaimba mbele ya mtambo. Baadaye Mombasa ikawa na wachapishaji wake, kama Mzuri ya Assanand, ambao walitoa santuri ndogo za kina Zuhura Swaleh, Maulidi Juma na Matano Juma, tukacheza nazo harusini hadi zikachakaa. Waliokuja kuzikusanya tena wengi walikuwa watu wa mbali. John Storm Roberts alitoa Marekani mwaka 1983 santuri ya nyimbo za pwani ya Kenya. Kampuni ya Topic ya London ilitoa mwaka 2007 rikodi za tangu miaka ya 1920 hadi 1950. Buda Musique ya Ufaransa, katika mfululizo wake uitwao Zanzibara, imetoa diski nzima ya tarabu ya Mombasa ya mwaka 1965 hadi 1975. Lau si hawa, vijana wetu wangalizijua nyimbo zile kwa masimulizi. Sisi tuliokaa juu ya hazina tulikuwa tunaifinika vikombe.

Lakini hapo ndipo ugomvi wa ng'ambo na wa kwetu unapoachana. Mzungu agombana na kampuni yake juu ya vilivyozidi: diski nyingi mno, gololi, majaribio ishirini ya wimbo mmoja. Sisi vyetu ni vilivyopungua.

Santuri ya kale ya kuzunguka mara 78 ilichukua kama dakika tatu kila upande. Santuri ndogo za 45 zilizokuja baadaye zilichukua nne, tano kwa kubanana. Tarabu ya harusini haijui saa hiyo. Shairi lina beti kumi au kumi na mbili, baina ya ubeti na ubeti vyombo vyajibu, akina mama wainuka kutunza, muimbaji arudia ubeti kwa kuombwa; wimbo mmoja waweza kula nusu saa. Mtu huyo ukimweka mbele ya mtambo ukamwambia ana dakika tatu na nusu, atafanya nini? Atakata. Kama ana bahati atapewa pande mbili, ndiyo maana karatasi ya katikati ya santuri nyingi iliandikwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Na atakatia wapi? Hakati mwanzo, kwa kuwa mwanzo ndio unaojulikana. Hukata mwisho.

Sasa, msomaji uliyesomeshwa mashairi wajua mwisho una nini. Mwisho ni kaditama. Ndipo mtunzi afungapo kauli yake, na ndipo kwa desturi ya washairi wetu ajitajapo, kwa jina, kwa ukoo, kwa mtaa, au kwa fumbo ambalo watu wake walijua. Kaditama ndiyo sahihi yake. Ukiikata umelikata jina.

Ndivyo ilivyokuwa kwa ami. Muimbaji hakuwa mwizi. Walikuwa marafiki, na shairi alipewa kwa mkono. Mwenye duka hakuwa mwizi. Aliandika jina la aliyeimba kwa sababu ndilo lililouza. Na kampuni iliyotoa santuri hii ya Yuro 38, ambayo siitaji, haikuwa na pa kulisoma jina la ami, kwa sababu mahali alipojitaja hapakuingia santurini mwaka 1972. Kila mmoja alifanya dogo, na miaka hamsini baadaye mtu akawa hayupo.

Mpwa wangu aliwaandikia. Walijibu kwa adabu, nami sina budi kulisema hilo. Walieleza kwamba jamaa za muimbaji waliombwa ruhusa na wakalipwa, kwamba wao wangefurahi kusahihisha toleo la pili, na wakaomba ushahidi.

Ushahidi! Daftari la ami, lililoandikwa kwa hati za Kiarabu, nililiona kwa macho yangu nilipokuwa kijana, na mchwa wakaliona baada yangu. Waliokuwapo harusini wamebaki wawili watatu. Kilichomthibitisha ami ni ule ubeti uliokatwa, na ubeti uliokatwa hauko santurini.

Sheria nayo ina mambo yake. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, rikodi hulindwa miaka 50 baada ya mwaka iliporikodiwa. Rikodi ya mwaka 1972, basi, ulinzi wake hapa nchini uliisha mwisho wa 2022, na hapa yeyote anayetaka kuipiga chapa tena hana wa kumuomba kwa ajili ya rikodi. Maneno, hata hivyo, ni kitu kingine. Shairi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Ami alifariki mwaka 1998, kwa hiyo maneno yake ni mali ya warithi wake hadi mwisho wa 2048. Lakini neno moja tu la kijitabuni, hilo la "jadi", lafuta haki hiyo kwa wino, kwa sababu kitu cha jadi hakina warithi.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema kosa hili ni dogo, la karatasi tu. Kama mtunzi hajulikani, na iandikwe hivyo: hajulikani, na amjuaye atwambie. Hilo ni swali, na swali hungoja jibu. Neno jadi limekwisha kujijibu. Na kama kuna pesa za karatasi nzito na picha iliyotiwa rangi, basi kurasa mbili za kuandika maneno ya nyimbo kwa Kiswahili, ubeti kwa ubeti, hazingewafilisi. Kijitabu kile kina habari nyingi za udi na fidla, za bandari na za jahazi. Maneno ya nyimbo hayamo, na tarabu bila maneno ni kasha la gololi. Mashairi ya Muyaka yenyewe yalitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua, mtu wa Mombasa, alikaa na Mwingereza Taylor akayaandika na kuyafafanua, yakaja kuchapwa kitabuni mwaka 1940, karne nzima baada ya Muyaka kufa. Sikujua alijua kilicho muhimu.

KWA SHANGAZI

Dada yake ami yuhai, alhamdulillahi. Umri wake umepita themanini, macho yamepungua, masikio yako. Tulimchukua hadi kwa jirani fundi wa redio, ambaye bado ana mtambo wa santuri unaofanya kazi, tukamketisha kwenye kiti cha mkono. Sikumwambia lolote ila kwamba tumepata wimbo wa zamani.

Sindano ilipotua alitabasamu, akaanza kutikisa kidole. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, alikuwa akiusindikiza kimya kimya kwa midomo. Sita zikaisha. Udi ukapiga kipande cha kufungia, sindano ikaanza kukwaruza katikati, fundi akanyanyua mkono wa mtambo. Shangazi hakunyamaza. Aliendelea. Ubeti wa saba, kwa sauti ile ile ya wimbo, wa nane, akakwama wa tisa, akauruka, akarudi wa kumi, akamaliza na huu:

Kaditama ninakoma, kalamu naweka tini,
Ambao mtanisoma, jina langu ulizeni,
Nyumba yangu kwa kisima, Kibokoni mtaani,
Nikiwa hai salama, nikifa niombeeni.

Fundi wa redio, ambaye si mtu wa mashairi, ndiye wa kwanza kuinua mikono. Tukamsomea Fatiha.

Njiani kurudi shangazi aliniuliza wale Wazungu wameuza ngapi. Nikamwambia sijui, pengine elfu moja, pengine mbili. Akatembea kidogo akifikiri, ameushika mkono wangu.

"Basi, mwanangu," akasema, "watu elfu mbili wamemsikia na hapana hata mmoja aliyeambiwa amuombee."

"Wengi wao si Waislamu, shangazi."

"Wangaliambiwa tu."

Nilimweleza kwamba kampuni iko radhi kuliandika jina katika toleo la pili, na kwamba pengine patakuwa na fedha kidogo za warithi. Alisema fedha ni jambo jema, watoto wa ami wana mahitaji. Lakini yeye hataki jina peke yake. Ataka ubeti wenyewe uandikwe, wote, mishororo minne, kwa Kiswahili na kwa lugha yao, chini ya wimbo, kwa herufi zisizo ndogo. Mpwa wangu, ambaye sasa amerudi Ujerumani, amewapelekea ombi hilo pamoja na sauti ya bibi yake aliyoirikodi kwa simu siku ile, akwaruzo la sindano limo.

Wakati tukingoja jibu, tunaandika shairi zima. Kila Jumamosi baada ya alasiri nakwenda kwake na daftari. Beti kumi tumezikamilisha. Ule wa tisa ndio unaotusumbua: yeye ashikilia kwamba neno la mshororo wa pili ni "tanga", na mzee mmoja wa Kuze, aliyekuwapo harusini mwaka ule na ambaye pia ana kumbukumbu kali, aapa ni "nanga". Jumamosi ijayo nawakutanisha.